Pumzi ya Chungu cha Thelathini na Moja

Vyungu vilikuwa mia mbili na kumi na viwili, na magoti ya Nakijwa yalikuwa mawili tu. Kila asubuhi alipanda mgongo wa mlima na fimbo mkononi na kitambaa kibichi begani, akipitia chungu kimoja kimoja pale kilipokaa juu ya kiti chake cha mawe. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, asikie kama kina ufa. Alikifuta kuvu. Alikielekeza mdomo kule jua linakotokea, kisha akakiendea kinachofuata. Wageni waliokuja kutoka mijini walimwambia kazi yake ni kama ibada. Aliwaacha waseme. Ibada ina siku ya mapumziko.

Jua lilipotoka upande wa tambarare lilikigusa chungu cha kwanza, nacho kikapata joto, kikaanza kutoa sauti ya kijito kinachopita kwenye mawe. Likakigusa cha pili: vyura. Cha tano: mvua juu ya majani ya migomba. Hivyo ndivyo Njia ya Vyungu ilivyoamka siku zote, kutoka mashariki kwenda magharibi, chungu kikipokea kwa chungu, mpaka mgongo mzima wa mlima ukajaa sauti za msitu. Watu walitoka mbali kuja kusikia kitu ambacho bibi zao walikisikia bure wakiwa wanachambua mboga. Wengine walilia. Msitu wenyewe, ule wa miti, ulikuwa kimya. Ukame wa miaka tisa uliumaliza. Mvua ziliporudi miti ilirudi pia, lakini ndege hawakurudi.

Isipokuwa mmoja.

Alipofika chungu cha thelathini na moja, Nakijwa alimkuta Dakta Tumpale amekaa juu ya jiwe, viatu vimejaa tope, kishikwambi mapajani. Msichana huyu, na kwa Nakijwa mtu wa miaka thelathini na mitano bado ni msichana, alikuwa mtaalamu wa ndege kutoka Mamlaka ya Sauti za Misitu. Alikuwa mtu wa Rungwe, aliyezoea baridi, na bado alitetemeka.

"Shikamoo, Mama Eliwaza."

"Marahaba, daktari. Umelala kweli wewe?"

"Sijalala, mama. Vifaranga wameanguliwa, wale wa mayai tuliyoyaotesha maabara kutoka kwenye ngozi kavu za makumbusho."

Nakijwa aliweka fimbo chini taratibu. "Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Madume sita, majike watano. Wote wazima."

Kabla hajajibu, yule mmoja alilia. Alikuwa kwenye mti wa mkufi hatua ishirini kutoka hapo, ndege wa kijivu, mdogo, asiye na lolote la kutazamwa. Watu wa milima ile walimwita mwitaukungu, kwa sababu hulia ukungu unapoanza kupanda. Wimbo wao huimbwa na wawili: dume huanza, jike humalizia, na dume hufunga kwa mlio mmoja mfupi. Huyu alikuwa dume wa mwisho kujulikana duniani.

"Tii-ru-ru," alisema ndege.

Chungu cha thelathini na moja, kilichokwisha kupata joto, kikakaa kidogo, kisha kikajibu: "Wii-yo."

"Tu," akafunga ndege, akaruka tawi la juu kwa furaha yake.

"Madume atawafundisha huyu mzee," Tumpale akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Lakini majike hawana mwalimu ila chungu chako, mama. Hakuna sauti nyingine ya jike popote, hata kwenye makumbusho. Na ndege hawa hawazaliwi na wimbo, wanafundishwa. Wana siku tisa tu za kusikia. Siku ya kumi masikio yao yamefunga, hawajifunzi tena. Wataishi mabubu, na dume na jike wasioimbiana hawajengi kiota."

"Sasa umekuja kuchukua chungu?"

"Hapana. Nimekuja kunasa sauti yake, na kuchukua kiapo chako upya. Jopo la Mamlaka limesema vifaranga wasisikilizishwe sauti yoyote isiyokuwa na kiapo cha ukimya kilichorudiwa."

Kila chungu kwenye Njia kilikuwa na kiapo chake: nani alikifinyanga, kilikaukia wapi, nani alikaa nacho, na kwamba kwa muda wote wa kukauka hakuna mwanadamu aliyetoa sauti karibu yake. Nakijwa aliapa viapo mia mbili na kumi na viwili. Mia mbili na kumi na kimoja vilikuwa vya kweli.

"Magoti yananiuma," alisema. "Njoo nyumbani mchana."

Tumpale alimtazama, akainamisha kichwa kwa adabu, akashuka. Nakijwa alibaki. Dume alianza tena, na chungu kikakaa kidogo, kikajibu. Kwenye huko kukaa kidogo, ukiweka sikio karibu na mdomo wa chungu, ungesikia hewa ikivutwa kwa shida kupitia kifua kilichobana. Ndege havuti hewa namna ile. Aliyekuwa akivuta hewa namna ile katika dunia nzima alikuwa Eliwaza, binti wa Nakijwa, naye alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa.

*

Udongo ulikuwa ukimsubiri nyumbani, na udongo hauna subira. Dada yake Nanguzi alikwisha kuumimina kwenye mvungu wa mti uliochongwa kama mtumbwi, akachanganya na vigae vilivyosagwa, akanyunyiza unga sikivu kutoka kwenye mfuko wa maabara.

Unga huo ulikuwa wa chembe ndogo kuliko vumbi, zilizooteshwa na wataalamu ili zigeuke zikiguswa na sauti. Udongo ukiwa mbichi, chembe ziko huru. Sauti ikipita mara moja zinatikisika na kusahau. Sauti ikirudiarudia kwa siku tano za kukauka, zinaizoea, zinajipanga kuifuata. Moto unazigandisha. Baada ya hapo chungu kikiota jua kinatanuka kidogo, na chembe zinaitoa ile sauti. Zikizoea sauti mbili zinazofuatana, basi ya kwanza ikisikika, ya pili inatoka. Wazungu wa maabara walijaribu unga huo kwenye glasi, kwenye chuma na kwenye plastiki, wakaambulia makelele. Wakaja kuukubali udongo wa Upare na mikono ya wanawake wanaojua ni lini umeiva. Nanguzi hakuacha kulisimulia hilo, mwaka wa kumi na tano sasa.

Walitwanga wakiwa wawili, kila mmoja na mchi wake, mvungu mmoja.

"Hoya!" Nanguzi akaita.

"Leta!" Nakijwa akapokea, mchi ukashuka.

"Hoya!"

"Leta!"

Maneno hayo hayakuwa na maana kubwa. Yalikuwa ya kulinda vidole. Anayeita anainua, anayepokea anashusha. Ukiitwa ukanyamaza, mchi wa mwenzio unakukuta mkono bado umo ndani. Bibi yao alikuwa na kidole kimoja kilichopondeka, naye aliwaonyesha watoto wote wa nyumba ile kabla hawajajua kutembea vizuri. Kwa hiyo watoto wa wafinyanzi wa ukoo huo walikua na tabia moja ambayo majirani waliicheka: hawawezi kuacha mwito ukining'inia. Jogoo akiwika, mtoto anamjibu. Eliwaza alipokuwa na miaka minne aliipokea kengele ya kanisa kwa kifuniko cha sufuria, Jumapili nzima, mpaka mchungaji akatuma mtu.

"Umepungukiwa nguvu leo," Nanguzi akasema. "Au ndiyo yule Mnyakyusa amekuchosha?"

"Anataka kiapo. Cha thelathini na moja."

Mchi wa Nanguzi ulibaki hewani. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Hakuambiwa, alipita Njiani siku ya kwanza chungu kile kilipowekwa, akasikia, akamtazama mdogo wake usoni, na hawakulizungumza tena.

"Basi apa," alisema.

"Dada."

"Apa, mdogo wangu! Umekwisha kuapa mara moja, mbingu haikuanguka. Sasa Mungu anakupa kitu ambacho hakuna mama aliyefiwa amewahi kupewa. Wale vifaranga watajifunza kwa Eliwaza. Watafundisha watoto wao, nao watoto wao. Miaka mia ijayo msitu huu wote utakuwa unaita kwa sauti ya mwanao. Unataka nini tena? Jiwe la kaburi?"

"Itakuwa ni uongo."

"Uongo kwa nani? Kwa ndege?" Nanguzi aliangusha mchi kwa hasira. "Yule dume mwenyewe ameridhika, miaka sita! Hajapeleka malalamiko kwa mwenyekiti."

Nakijwa alicheka, ingawa hakutaka. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mvungu. Alikuwa amechoka, na uchovu ule haukuwa wa mikono wala wa magoti.

Mambo yenyewe yalikuwa madogo. Eliwaza alikuwa na miaka kumi na tisa. Alibeba chungu kibichi kimoja mpaka bonde la Ikongwe, akakaa nacho siku tano kama desturi inavyotaka, maana chungu kibichi hakiachwi peke yake. Alikatazwa kusema neno, naye hakusema. Lakini dume alikuwa pale, akilia tii-ru-ru tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na hakuna aliyempokea, kwa kuwa jike wake pengine alikufa zamani. Na msichana yule alikuwa mtoto wa nyumba ya mvungu. Alivuta hewa kwa kifua chake kibovu cha pumu, akapiga mluzi, akampokea. Hakuona kama amevunja katazo. Mluzi si neno. Akampokea siku tano. Miezi mitatu baadaye masika yakaja na baridi yake, kifua kikabana usiku mmoja, na mpaka gari lipatikane alikuwa amekwisha kwenda. Wiki mbili baada ya arobaini, chungu kikawekwa juani, na Nakijwa, aliyekwisha kuapa, akamsikia mwanawe akivuta hewa.

Angesema siku ile. Alifungua mdomo kabisa. Lakini chungu chenye kiapo cha uongo hushushwa na kuvunjwa na mikono ya yule yule aliyekiapia, na mikono hiyo ilikuwa imetoka kumzika Eliwaza mara moja, haikuweza mara ya pili. Akanyamaza.

"Mficha uchi hazai, dada," alisema sasa.

"Wewe umekwisha kuzaa," Nanguzi akajibu kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. "Na umezika. Funika hivyo hivyo."

*

Tumpale alikuja saa nane, akakaribishwa kigoda, akapewa uji. Aliunywa mpaka chini kama mtu aliyesahau kula tangu jana, na kweli alisahau. Kisha akawasha kishikwambi akamwonyesha Nakijwa vifaranga.

Walikuwa kwenye kisanduku chenye joto, kumi na mmoja, uchi, vichwa vikubwa shingo nyembamba. Chumba kilikuwa kimya, hakuna mhudumu aliyeruhusiwa kusema. Midomo yao ilifunguka kila kitu kilipotikisika. Nakijwa, ambaye hakuwa mtu wa kuvutiwa na watoto wa ndege, aliona moyo wake ukimsaliti.

"Wanasubiri," alisema.

"Wanasubiri chochote. Kitu cha kwanza watakachosikia mara nyingi, hicho ndicho watakachokuwa." Tumpale alifuta uji mdomoni kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo maana kuna jambo linaninyima usingizi, mama, na sina wa kumwambia. Tazama hapa."

Akafungua picha ya sauti, mistari myeusi juu ya weupe. Nusu ya dume. Halafu mahali peupe. Halafu nusu ya jike.

"Huu weupe. Unauona? Jike wako anachelewa. Nina sauti za ndugu zao wa milima minne tofauti, wale ambao bado wapo. Kwa wote jike anajibu papo hapo, huwezi kupitisha hata unywele. Huyu anakaa karibu sekunde nzima. Na dume amebadilika kwa ajili yake. Miaka sita iliyopita alikuwa akifunga wimbo hata kabla jike hajamaliza, wanagongana. Mwaka hadi mwaka akajifunza kungoja. Sasa anangoja vizuri kabisa."

Nakijwa alitazama ule weupe. Ulikuwa na upana wa ukucha wa mtoto.

"Ni vibaya?" aliuliza.

"Kwa yeye aliye peke yake, hapana. Kwa wengi, ndiyo. Wimbo ule ndio mlango wa nyumba yao. Pakiwa na pengo, dume mwingine anaingia hapo hapo, anapigana, viota vinavunjika. Nimeona kwa wale ndugu zao: wanaochelewa hunyang'anywa makao, na mayai yanapoa. Tukiwafundisha hawa wote kungoja, sijui. Labda watazoeana. Labda kizazi cha pili tutawakuta wamekwisha."

"Si ukate hilo pengo? Mashine si zinaweza?"

"Zinaweza kwa dakika moja." Tumpale alitabasamu kwa uchovu. "Lakini mimi ni nani nimkosoe ndege? Pengine majike wa mlima huu ndivyo walivyokuwa, na sisi ndio tusiojua. Nikiingiza mkasi kwenye sauti pekee iliyobaki kwa kuwa mimi nimeona hivi, nitakuwa nimetunga ndege wangu mwenyewe. Ikiwa imetoka kwa ndege, itafundishwa kama ilivyo. Hata pumzi sitaigusa."

Akatoa fomu ya kiapo, akaiweka kwenye mkeka na kidau cha wino wa dole gumba. Mamlaka ilikuwa na mashine za kila aina, lakini kwa kiapo ilitaka dole.

Nakijwa aliitazama ile fomu. Nanguzi, aliyekuwa akijifanya anapanga vigae kule uani, aliacha kupanga.

Msitu mzima, dada yake alisema. Nakijwa alijaribu kuufikiria, na aliuona: asubuhi, ukungu, na kila mti una Eliwaza. Angeweza kutembea humo mpaka kufa kwake na asiwe mpweke hata hatua moja. Alitamani jambo hilo kuliko alivyowahi kutamani chakula. Halafu akafikiria ile hewa ikivutwa kwa shida. Kwa miaka kumi na tisa aliamka usiku kuisikiliza hewa hiyo chumba cha pili, akihesabu, akimwomba Mungu iingie na itoke. Ilikuwa ni ugonjwa. Aliupenda kwa sababu ulikuwa wa mwanawe, lakini ulikuwa ugonjwa, nao ndio uliomuua. Sasa auweke kwenye vifua vya viumbe kumi na mmoja wasiokuwa na kosa, wangoje wasichokijua, mpaka mayai yapoe?

"Daktari," alisema. "Huyo si ndege."

"Samahani, mama?"

"Kwenye chungu. Huyo ni Eliwaza wangu. Alikuwa anampokea yule dume kwa mluzi. Ana pumu, ndiyo maana anachelewa." Akajisahihisha, kwa taabu. "Alikuwa na pumu."

Tumpale alirudi kwenye kishikwambi, akaisikiliza sauti kwa masikio yake mwenyewe, mara nne, tano, kifaa kimebanwa sikioni. Alipokiweka chini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita, mama! Nimesimama mbele ya watu nikasema mwaka ule bonde la Ikongwe lilikuwa na jike hai. Tumemtafuta! Nimelala kwenye lile bonde wiki nane nikimtafuta, nimeugua malaria mara mbili, nimemwachia mama yangu mtoto anayenyonya, namtafuta mluzi wa msichana!"

"Nisamehe."

"Ulikuwa unanipa uji! Kila nikirudi bondeni ulikuwa unanipa uji, unaniuliza, 'Vipi, umempata?'"

Nanguzi alisogea hatua mbili, akiwa tayari kumtetea mdogo wake, lakini Nakijwa alimzuia kwa mkono. Kila neno lilikuwa lake na alilistahili. Alilia bila kujificha, na alipoona Tumpale naye analia alimpa upande mmoja wa kanga, akafutia upande mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini siku ile kila mmoja aliuinua wa mwenzake akaona uzito wake.

"Jopo litakaa lini?" Nakijwa akauliza hatimaye.

"Wiki tatu zijazo."

"Na vifaranga?"

"Siku tisa. Nane, ukitoa leo."

"Basi fanya hivi. Kama ni mtu, unaweza kumkosoa. Si ndiyo? Mtu hukosolewa. Kata pumzi yake. Uwafundishe leo hii. Na mimi nipe karatasi nyingine isiyokuwa ya kiapo, niandike nilivyosema hapa, nitie dole. Uipeleke kwa jopo leo leo, wasije wakasema umewaficha. Wakija wawakute wanaimba."

"Watashusha chungu chako. Watavitilia shaka vyote, mama, vyote mia mbili na kumi na viwili. Watakuondoa Njiani. Na mimi watanifukuza, nimefundisha sauti isiyo na kiapo."

"Tutafukuzwa wawili. Nitakuwa na mtu wa kumpa uji." Kisha utani ukamwisha. "Ila waambie chungu wasikishushe mpaka yule dume mzee afe. Amezoea. Yeye msimkate."

Tumpale akavuta karatasi nyeupe. Nakijwa alisema, yeye akaandika, Nanguzi akawa shahidi, akilalamika kwamba wino huo hautoki, na kwamba mdogo wake tangu utoto alikuwa mpumbavu, na kwamba yeye Nanguzi atabaki kutwanga udongo na nani. Wino ulipokauka, Tumpale alifungua tena ile picha ya mistari myeusi. Alivuta alama kwa kidole upande huu wa weupe, akavuta nyingine upande wa pili.

"Niko tayari, mama. Nikate?"

Nakijwa alikuwa amerudi kwenye mvungu, maana udongo ulikuwa unakauka pembeni, na mikono yake ilihitaji kitu cha kushika. Aliukanda mara mbili, tatu.

"Kata," alisema.

Hakukuwa na mlio wowote. Tumpale aligusa kioo, mistari ikakutana.

"Nisikie."

"Tii-ru-ru wii-yo," kilisema kishikwambi, papo hapo, bila unywele kupita.

"Rudia."

Akarudia. Nakijwa alisikiliza amefumba macho, akimtafuta mwanawe mle ndani kama mtu anayepapasa kitanda gizani. Akaomba tena, na mara ya nne.

"Huyo ni ndege," Nakijwa alisema. "Hakuna mtu humo. Wapelekee."

Tumpale aliituma. Kwenye kisanduku chenye joto, mbali na pale, vichwa vikubwa kumi na kimoja viligeuka upande mmoja. Alitazama kidogo, kisha akaanza kukusanya vitu vyake, akasita, akakitazama tena kioo. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo pembeni, upana wa ukucha wa mtoto, kikingoja kuamuliwa.

"Na hii niliyoikata, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Niifute?"

Nakijwa aliitoa mikono kwenye udongo, akaipangusa kwenye kanga yake, mmoja, halafu mwingine, akainyoosha yote miwili kuipokea.